Simu ya Chumbani

Mtaani walimwita Kengele, na wala hakuna aliyelitumia jina hilo kwa ubaya. Nyumba yake ilikuwa inalia. Ukipita asubuhi kwenda dukani unasikia kengele ya simu, si ule muziki wa simu za mkononi, ni kengele ya chuma hasa, inagonga kwa hasira kama zile za ofisini enzi hizo. Inalia, inanyamaza, inalia tena, halafu kimya. Jirani yake, mama mmoja mshonaji aliyependa utani kuliko kula, alikuwa akipaza sauti juu ya ukuta:

"Kengele! Nani huyo kapiga?"

Naye hujibu kutoka ndani, "Wamekosea namba!"

Wanacheka, kila mtu upande wake wa ukuta, na siku nyingine hayo ndiyo yanakuwa maongezi yake yote mpaka jua linazama.

Alikuwa fundi wa laini. Tangu ujana wake mpaka alipostaafu kazi yake ilikuwa kupanda nguzo za simu kwa viatu vyenye meno ya chuma, kuunga waya zilizokatika, kutafuta laini iliyogusana na nyingine. Kisha watu wakahamia simu za mkononi, laini zikakunjwa, kituo cha simu kikafungwa na jengo likageuzwa ghala la magodoro. Wenzake wakatawanyika, huyu kalima, yule kafungua duka. Yeye akaanza kuokota simu.

Aliziokota kweli. Ofisi zilikuwa zikizitupa uani pamoja na viti vilivyovunjika. Nyingine alizikuta kwa wauza vyuma chakavu, zimelala kifudifudi katikati ya masufuria, waya zimekatwa kama mikia. Simu nyeusi nzito za kuzungusha namba kwa kidole, za kijani, za rangi ya maziwa, moja ya ukutani iliyokuwa imegeuzwa kiota na nyigu. Akipata moja anaipeleka nyumbani, anaifungua kwa bisibisi, anatoa vumbi na mende waliokauka, anaosha diski ya namba kwa mafuta ya taa mpaka grisi iliyoganda inatoka kama nta. Halafu anatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye springi. Diski iliyopona unaijua kwa sikio. Ukiivuta mpaka sifuri na kuiachia, inarudi kwa mlio mmoja uliotulia, haikimbii wala haisiti.

Mkono wa simu nao una ugonjwa wake. Ndani ya sehemu ya kuongelea mna chembe za makaa, na simu ikikaa miaka bila kuongewa chembe hizo hushikana, sauti ikafifia. Dawa yake ni kuugonga taratibu kwenye kiganja, kama unavyomgonga mtoto mgongoni acheue. Kengele alikuwa anafanya hivyo akiwa amekaa mlangoni huku akitazama wapita njia.

Hakuoa. Si kwamba alikataa, mambo yalimpita tu, kama basi linavyompita mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Aliishi na mama yake katika nyumba ileile mpaka mama akafariki, na tangu hapo rafu zikaanza kujaa simu, kwanza sebuleni, kisha chumbani kwa marehemu. Alikuwa akiziunganisha mbilimbili kwa waya na betri kuzijaribu. Shida ya kujaribu simu peke yako ni kwamba ukisema "haloo" huku, lazima uache mkono mezani ukimbie upande wa pili kusikiliza, na ukifika, aliyesema ameshanyamaza.

Siku moja alasiri akabishiwa hodi na mtu mkubwa wa mwili, mabega mapana, tumbo limetangulia, mikono imepasuka kama gome. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, anakaa upande wa pili wa soko. Yule mama mshonaji ndiye aliyemwelekeza.

"Wewe ndiye fundi wa simu za kuzungusha?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani. Hamisha hiyo ya kijani, ukae."

Dereva aliihamisha simu ya kijani kwa uangalifu, akakaa, akatazama rafu, akatazama sakafu. Mtu aliyezoea kushindana na malori barabarani alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Nina mgonjwa," akasema. "Mke wangu. Ni ugonjwa wa kusahau. Alikuwa opereta kwenye kituo cha simu, zamani, wale waliokuwa wakiunganisha watu. Sasa kila asubuhi anavaa, anachukua mkoba, anataka kwenda kazini. Nikimzuia mlangoni analia. Ananiuliza, 'Wewe mzee ni nani, mbona unanifungia humu? Nitachelewa zamu.' Mimi mumewe, fundi. Ananiita mzee."

"Pole sana."

"Binti yetu alisema tumpe simu, labda atatulia. Tukampa ya mkononi, akaitumbukiza kwenye pipa la unga. Nikajua huyu anataka ile ya kwao." Akainua macho. "Nitafutie ya zamani. Ilie tu, hata kama haiendi popote."

Kengele alichomwa kidogo na maneno hayo, maana kila fundi ana kiburi chake. "Simu isiyokwenda popote hiyo ni pambo," akasema. "Nitakuwekea mbili, moja chumbani kwake, moja barazani. Zitasikilizana."

Alichagua nyeusi mbili, zile nzito zisizoteleza mezani. Alizisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini mpaka akaona uso wake ndani yake, akabadilisha waya iliyopasuka, akagonga makaa. Kwa ajili ya kuita alitafuta kisanduku cha zamani chenye mpini wa pembeni. Ukizungusha mpini, umeme mdogo unakimbia kwenye waya na kengele ya upande wa pili inalia.

Nyumba ya dereva ilikuwa na baraza ndefu ya saruji, viti vya plastiki, na tairi kubwa la lori lililopandwa maua yaliyokosa maji. Chumbani Kengele alimkuta yule mama mgonjwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la mikono mirefu, viatu vimefungwa vizuri, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri gari la kazini. Alimsalimu. Mama akaitikia kwa kichwa tu. Kengele akapitisha waya dirishani, akaweka simu kwenye meza ndogo, akatoka bila kusema zaidi.

Akiwa kizingitini aligeuka. Mama alikuwa ameuweka mkoba sakafuni. Ameusogelea ule mkono wa simu, anaufuta kwa upindo wa gauni, kwanza pa kusikilizia, kisha pa kuongelea, bila haraka.

Barazani Kengele akazungusha mpini. Kengele ikalia chumbani mara moja, mara ya pili. Ikakatizwa. Sikioni mwake sauti ikasema:

"Kituo cha simu, tafadhali."

Kengele akaubana mkono wa simu sikioni.

Aliijua sauti ile. Enzi za nguzo, kila fundi akimaliza kuunga waya alitakiwa kuijaribu laini palepale juu. Ananing'inia kwa mkanda, anachomeka simu ya majaribio, anaita kituoni. Maopereta walikuwa wengi, wengine wakali, wengine wanakukatia kabla hujamaliza neno. Mmoja tu hakuweza kumaliza maongezi bila kusema tafadhali. Mafundi wakampa jina hilohilo, Tafadhali. Wengine walilitaja kwa mzaha, lakini Kengele hakuwa anatania. Kwake siku iliyokuwa na sauti ile ilikuwa siku nzuri, na siku aliyojibiwa na mwingine alishuka nguzoni kama mtu aliyenyimwa.

Hakuwahi kumwona. Chumba cha maopereta kilikuwa na mlango wake, mtaa wa nyuma, na mafundi hawakuruhusiwa. Mara moja tu alipiga moyo konde, akasimama ng'ambo ya barabara wakati zamu inabadilika. Wanawake wakatoka kwa kundi, wanacheka, wanafungua miamvuli. Alitega sikio. Walikuwa mbali, magari yanapita, hakumtambua hata mmoja. Akaenda zake, wala hakurudia tena.

Sasa alikuwa amesimama barazani, na kabla hajafikiri ulimi ukatamka wenyewe, kama zamani:

"Laini, majaribio."

"Nakusikia vizuri, fundi," sauti ikajibu mara moja. Ilikuwa imezeeka, imekwaruzika kidogo, lakini ilikuwa ileile. "Uko nguzo ya wapi?"

Akatazama nguzo ya baraza iliyokuwa mbele yake. "Karibu na kiwanda cha sabuni."

"Mbali huko. Kuna upepo?"

"Upo kidogo."

"Shikilia vizuri, tafadhali."

Akaweka mkono wa simu chini. Dereva alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono kama anayesubiri majibu ya daktari.

"Amesemaje?"

"Anasikia vizuri," akasema Kengele.

Tangu siku hiyo mama hakwenda tena mlangoni asubuhi. Alivaa, akachukua mkoba, akageukia mezani. Kazi ilikuwa imemfuata nyumbani. Na kila alasiri Kengele alifika, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akazungusha mpini. Alianza kunyoa ndevu kabla ya kutoka. Alipiga pasi mashati. Mama mshonaji akamwona, akasimama na sindano mdomoni.

"Haya, Kengele! Leo kola imesimama hivyo, nani huyo kapiga?"

Kengele alicheka tu, akafunga mlango, akasahau kumjibu.

Walizungumza mambo ya kazi. Mama alimlalamikia msimamizi wa zamu anayeficha funguo za choo. Alimwambia mvua ikinyesha laini za bondeni zinakoroma kama mzee mwenye kikohozi, na Kengele akamweleza sababu, maji yanaingia kwenye viungio, na mama akasema, "Basi nitawaambia wateja wavumilie, fundi wetu anajua." Fundi wetu. Alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba yai.

Siku moja Kengele akamwambia kwamba mama yake mzazi amefariki.

"Pole sana, fundi. Pole mno. Na sasa nani anakupikia?"

"Najipikia mwenyewe."

"Wanaume mnazidisha chumvi. Punguza, tafadhali."

Msiba ule ulikuwa wa miaka mingi nyuma, lakini hakuna aliyewahi kumpa pole namna ile, taratibu, bila kuangalia saa. Kesho yake mama alikuwa amesahau. Kengele alilijua hilo, na akamwambia tena, na akapewa pole tena, mpya kabisa, yenye joto lilelile. Alirudia na siku nyingine. Aliona haya nafsini mwake, kama mtu anayechota mara mbili kwenye sahani ya wageni, lakini hakuacha.

Dereva wakati huo alikuwa akikaa karibu, anamenya viazi au anakunja nguo, anasikia upande mmoja wa maongezi.

"Mnaongea nini hasa?" akauliza siku moja.

"Mambo ya laini tu."

"Mambo ya laini." Dereva akachagua kiazi kingine. "Mimi nikimpelekea chai ananiambia, 'Weka hapo mzee, asante, tafadhali funga mlango.'"

Kengele akajitia kukaza skrubu ya mpini. Ukimya wake haukuwa wa mtu mwema sana. Kuna pembe ya moyo wake ilikuwa inafurahi.

Halafu ikaja siku aliyomkuta dereva ameketi kwenye ngazi, shati limelowa, shavuni ana mikwaruzo mirefu inayotoa damu. Chumbani mama alikuwa akilia kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa namwogesha," dereva akasema bila kugeuka. "Kapiga kelele kuna mwanamume kaingia bafuni. Majirani wamekuja mbio." Akajifuta shavu, akatazama kiganja. "Wewe mgeni, fundi, wewe anakujua. Mimi ninayemkata kucha, mimi ninayembeba, hanijui. Niambie ukweli. Mlikuwa mnafahamiana?"

"Kwa sauti tu," akasema Kengele. "Nilikuwa juu ya nguzo, yeye kituoni. Uso wake sikuwahi kuuona mpaka uliponiingiza humu. Naapa."

Dereva akacheka kicheko kikavu. "Kwa sauti tu. Basi tuko wawili. Na mimi ndoa yangu nusu nzima ilikuwa kwa sauti. Nilikuwa naondoka na lori, narudi mwezi umeisha. Huko njiani, pakiwa na ofisi yenye simu, napanga foleni, naita. Na bahati ikiwa yangu anapokea yeye mwenyewe. Lakini msimamizi yupo nyuma yake, hawezi kuonyesha. Anasema, 'Kituo cha simu, tafadhali.' Nasema, naomba namba ya mke wangu. Ananijibu, 'Mkeo yuko kazini, bwana, ana shughuli nyingi.'" Akatikisa kichwa. "Nilikuwa narudi kwenye lori nacheka peke yangu kama mwehu."

Kengele alielewa palepale. Jambo lilikuwa wazi kama diski yenye namba zake. Mama hakuwa amemsahau mumewe, alikuwa anamsubiri. Mume wake alikuwa kijana aliye njiani na lori, si huyu mzee mwenye chai. Kilichotakiwa ni dereva akae kwenye kiti hiki na kuzungusha mpini huu.

Akaaga, akaondoka.

Nyumbani alichukua simu aliyokuwa ameianza, akaifungua, akaifunga bila kufanya kitu. Alijiambia dereva ni mtu mzima, akiwaza kidogo ataona mwenyewe. Kesho yake alikwenda kama kawaida, akanyoosha mkono kwenye mpini kama kawaida, akaulizwa kuna upepo, akasema upo. Na siku iliyofuata vilevile. Kila alipoweka mkono wa simu chini alimwona dereva na mikwaruzo yake inayokauka, akaangalia pembeni.

Alasiri moja dereva alikuwa anaanika mashuka. Yalikuwa mashuka ya mgonjwa, yaliyofuliwa tena na tena mpaka yakawa membamba kama karatasi. Dereva hakuwa na mazoea ya kamba. Alitundika kona moja, nyingine ikaburuta kwenye vumbi. Akaiokota, akaikung'uta, ile ya kwanza ikaponyoka. Akasimama pale katikati ya uwanja na shuka lenye vumbi mikononi, hakuliangusha wala hakulitundika, alisimama tu.

Kengele akainuka kwenye kiti.

"Dereva! Acha hilo. Njoo ukae hapa."

"Mimi? Nifanye nini?"

"Mpigie. Mwambie uko njiani."

"Njia gani, fundi? Mimi niko barazani."

"Wewe uko barazani. Yeye hayuko barazani, yuko kazini. Basi mpigie kazini."

Dereva aliketi, kiti kikalalamika chini yake. Alishika mkono wa simu kwa mikono miwili, kama kitu kitakachomwagika. Kengele akazungusha mpini, akasogea mpaka karibu na dirisha, na hapo akawa anasikia pande zote mbili.

"Kituo cha simu, tafadhali."

Dereva akatazama kisanduku, akamtazama Kengele.

"Haloo? Sema, tafadhali, nakusikiliza."

"Naomba namba ya mke wangu."

Kengele alifikiri laini imekatika, akaanza kuifuata waya kwa macho kutoka barazani mpaka dirishani. Kisha mama akacheka. Katika miaka yote ya nguzo na katika alasiri zote hizi Kengele hakuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha chini, cha mtu aliyejifunika mdomo kwa kiganja ili msimamizi asisikie.

"Mkeo yuko kazini, bwana. Ana shughuli nyingi." Halafu sauti ikashuka zaidi, ikawa nyingine kabisa. "Umefika wapi wewe? Mbona kimya hivyo, nikadhani umepinduka. Umekula? Usinidanganye, najua hujala. Na lile koti umelivaa au umelisahau tena?"

"Nimelivaa," dereva akasema, machozi yakimchuruzika kwenye mikwaruzo. "Nimelivaa, mama watoto."

"Rudi basi. Nyumba baridi hii."

Tangu alipomtambua, hapakuwa na tafadhali hata moja. Kengele aliliona hilo kabla ya lingine lolote. Kwa wateja, kwa mafundi, kwa mzee anayeleta chai, mama alikuwa na tafadhali ya kumgawia kila mtu. Kwa mume wake hakuwa na hata ya dawa. Kengele alikuwa ameishi na neno lile miaka mingi akidhani amepewa kitu, kumbe ni kile wanachopewa wote wanaosimama nje ya mlango.

Akaokota bisibisi yake mezani, akaitia mfukoni. Dereva hakumwona akiondoka. Njiani alipita uwanjani, akalitundika shuka lile vizuri, kona zote mbili, akaendelea.

Kuanzia hapo dereva akawa anapiga mwenyewe. Baadaye alimsimulia Kengele sokoni kwamba sasa wana utaratibu. Alasiri anapiga, anasema yuko karibu kufika, halafu anavaa koti, anazunguka nyumba, anaingia mlangoni anasema, "Nimefika." Siku nyingine mama anamshika shingo na kulia kwa furaha. Siku nyingine anamtazama na kusema, "Weka hapo, mzee." "Lakini hata siku hizo," dereva akasema, "najua kesho nitapiga." Akamshika Kengele bega. "Umenirudishia mtu, fundi. Kwa nini huji tena?"

"Kazi nyingi," Kengele akasema.

Mama mshonaji aligundua mashati yamerudi kuwa na mikunjo. Yeye naye alikuwa mtu mwenye akili, alijua utani haufai kila siku. Hakuuliza nani kapiga. Alipitisha bakuli la maharage juu ya ukuta, akasema alikosea kipimo, yamezidi.

Kengele alikwenda tena kwa dereva mara moja tu, panya walipotafuna waya chini ya dirisha. Aliunga kwa nje, akafunga kwa utepe, akajaribu. Dereva akasema, "Zungumza naye kidogo, fundi, mbona unakimbia? Atafurahi."

Kengele akauchukua mkono wa simu.

"Laini, majaribio."

"Nakusikia vizuri, fundi. Uko nguzo ya wapi?"

"Karibu na..."

"Samahani, fundi," sauti ikamkatiza kwa upole. "Naomba uiachie laini, tafadhali. Kuna simu ya mbali naisubiri."

"Haya," akasema Kengele. "Naiachia."

Msimu wa baridi ulipoingia mama akapatwa na homa ya mapafu, na hakuinuka nayo. Mtaa mzima ulisikia. Kengele alipiga pasi shati, akaenda mazishini. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki kwa mistari, watu wengi asiowajua. Dereva alikuwa mbele, amezungukwa, amenywea ndani ya koti lake. Binti yao, mwanamke wa makamo mwenye macho yaliyovimba, ndiye aliyekuwa anapokea wageni.

"Karibu, baba. Samahani, wewe ni upande wa mama au wa baba?"

Kengele alifikiri. "Wa kazini," akasema.

"Kazini kwa mama? Kituoni?" Uso wa binti ukachangamka kidogo. "Asante sana kwa kuja. Wenzake wa kazini tumewatengea mstari ule kule."

Akamwonyesha. Ulikuwa mstari mzima, mtupu. Kengele akaketi karibu na katikati ili wengine wakija wapate nafasi pande zote. Alikuwa na hamu nao, kwa kweli. Alitaka kuwaona hao wanawake wa miamvuli, awasikie wakisema hata neno moja. Watu waliendelea kuingia, ndugu wakaenda kwa ndugu, majirani kwa majirani, madereva wenzake na mzee wakajaza upande wao mpaka wakabanana. Mstari wa kazini haukuongezeka mtu.

Mwanamume mmoja kutoka kwa madereva akaja, akashika kiti cha mwisho. "Samahani, mzee, hapa kuna mtu?"

"Wanakuja," Kengele akasema.

Msemaji akasimama, akaeleza marehemu alikuwa mke mwema, mama mwema, jirani asiyegombana na mtu. Hakutaja kituo. Labda hakujua. Kengele alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Mwanamume yule akarudi, safari hii na mwenzake, nyuma yao wamesimama wanawake wenye watoto waliolala mabegani.

"Mzee, hivi viti..."

Kengele akatazama kulia kwake, akatazama kushoto.

"Chukueni," akasema.

Wakavichukua viwiliviwili, wakivipitisha juu ya vichwa vya watu, mpaka kikabaki alichokalia. Jua lilikuwa limemfikia miguuni. Akakivuta kiti chake nyuma kidogo, kivulini, akaketi tena, akakaa mpaka mazishi yalipokwisha.